Deni la Pamba

Mwaka 1966 nilikuwa mtoto wa miaka sita, kwa hiyo mengi nitakayoyaeleza hapa kuhusu kijiji chetu cha Usukumani niliyapata baadaye kwa marehemu shangazi yangu, ambaye hakuwa mtu wa kutia chumvi. Lakini jambo moja naliona mwenyewe hata leo nikifumba macho. Kijana mrefu anashuka kwenye basi pale njia panda, amevaa viatu vya ngozi, na sanduku lake la bati linabebwa na wadogo zake wawili. Sisi watoto tulimkimbilia tukiimba. Mama yake alichinja jogoo. Hakuna aliyejua kwamba hakuja likizo.

Kijana yule alikuwa wa kwanza katika eneo letu kufika Chuo Kikuu. Siku hizi neno hilo halimshtui mtu, maana kila mkoa una vyuo vyake na kila ukoo una mhitimu wake. Wakati ule mambo yalikuwa mengine. Chuo chenyewe kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi wa sheria wapatao 14, katika jengo la TANU kwenye mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, upande wa Ubungo, pale tulipozoea kupaita Mlimani. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12 hivi katika nchi yetu, na miongoni mwao waliosomea Mlimani walihesabika kwa mamia tu. Serikali iliwalipia ada, ikawalisha na kuwalaza.

Lakini Serikali ilipata wapi fedha? Hapa ndipo napenda kutua kidogo, maana ni jambo ambalo vitabu vingi vya historia hulipita haraka. Nchi yetu haikuwa na mafuta wala viwanda vya kutajika. Fedha za kigeni zilitoka kwenye mkonge, kahawa na pamba. Pamba hiyo ilitoka kwetu. Ililimwa kwa jembe la mkono na ng'ombe, ikapaliliwa mara mbili tatu, ikachumwa na kina mama na watoto, kisha ikachambuliwa juu ya mkeka, nyeupe huku, chafu kule. Baba alifunga mtumba wake, akaupeleka kwenye chama cha msingi, akakaa foleni kutwa nzima akisubiri mzani. Vyama hivyo vya Kanda ya Ziwa viliungana mwaka 1955 chini ya Victoria Federation, na sisi wakulima tulijivunia kwamba ushirika ule ulikuwa wetu, si wa Mhindi wala wa Mwingereza. Shilingi chache ziliingia mfukoni mwa baba. Nyingine zilibaki njiani, katika ushuru na makato, na sehemu ya hizo ndiyo iliyomvisha kijana yule viatu vya ngozi.

Mwalimu Nyerere alikuwa na mfano wake juu ya jambo hili, alioutoa mwaka 1964. Aliwafananisha wasomi na mtu ambaye kijiji chenye njaa kimempa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Mtu huyo akila na asirudi, ni msaliti. Mfano huo ulitumika sana, nadhani hata kupita kiasi, lakini kwetu haukuwa mfano. Ulikuwa habari ya nyumba ya jirani.

Sasa niseme kilichotokea Dar es Salaam. Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa limeanzishwa Julai 1963, na vijana walijiunga kwa hiari. Wengi wao walikuwa wa elimu ya msingi na chini ya hapo. Wasomi hawakuonekana sana huko. Mwaka 1966 Serikali ikapendekeza kwamba kila anayemaliza kidato cha sita au chuo atumikie miaka miwili kwa lazima: miezi kama mitano kambini, kisha muda uliobaki afanye kazi ya taaluma yake, lakini apokee asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wakakataa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wakaandamana kutoka Mlimani na vyuo vingine hadi Ikulu, wakiwa na mabango. Moja ya mabango hayo lilidai kwamba hali ilikuwa afadhali wakati wa ukoloni.

Mwalimu aliwapokea uwanjani. Wakasoma risala yao, ambayo kwa ufupi ilisema kwamba wakilazimishwa, miili yao itakwenda kambini lakini roho zao hazitakwenda. Walisema pia juu ya mishahara minono ya wakubwa waliokuwa wakiwaambia wao wajinyime. Mwalimu alikasirika kuliko alivyopata kuonekana akikasirika hadharani. Kuhusu kambi aliwajibu kwamba hatamlazimisha mtu kwenda huko bila roho yake. Basi warudi kwao. Kuhusu mishahara alikiri kwamba ni mikubwa mno, pamoja na wake wa shilingi 5,000 kwa mwezi, na papo hapo akaupunguza kwa asilimia 20. Wanafunzi 393 wakarudishwa makwao. Ndiyo sababu kijana wetu alishuka kwenye basi mwezi wa Oktoba, wakati ambao si wa likizo.

Shangazi alisema siku ya kwanza ililiwa kwa furaha, ya pili kwa mashaka, na ya tatu baba mtu akaita wazee. Kijana akaeleza yote, na hakuficha. Wazee walisikiliza. Mmoja akauliza hiyo asilimia 40 ni shilingi ngapi. Kijana akataja kiasi. Wazee wakanyamaza, maana malipo hayo ya miezi michache yalizidi pamba ya baba yake ya msimu mzima. Shangazi alikuwa jikoni akisikia, na alisema kimya kile kilimtisha kuliko kelele. Kisha mzee mwingine akauliza, "Na hao mawaziri, wao wamekatwa?" Kijana akajibu kwamba Rais amejikata mwenyewe, na imesemwa wakubwa wengine watafuata. Baba yake akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka, akasema, "Basi mtoto huyu kashinda kesi, shule kapoteza." Asubuhi yake akamkabidhi jembe, maana mvua zilikuwa karibu.

Nimelifikiria neno la mzee yule kwa miaka mingi. Sijasoma mahali popote hukumu iliyo ya haki zaidi juu ya mkasa ule. Wenzangu wengi wa rika langu walikuzwa katika kuamini kwamba wanafunzi wa 1966 walikuwa wachoyo tu, wasio na shukrani, vijana waliotaka kukalia viti vya wazungu. Baadhi yao walikuwa hivyo, na bango lile la ukoloni lilikuwa tusi kwa watu kama baba yake. Lakini swali lao juu ya mishahara ya wakubwa lilikuwa swali la kweli, na lilijibiwa kwa vitendo. Haikufika miezi minne, tarehe 5 Februari 1967, Azimio la Arusha likatangazwa, na viongozi wakakatazwa kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha. Sisemi kwamba maandamano yalilizaa Azimio; mawazo yale Mwalimu alikuwa nayo siku nyingi. Nasema tu kwamba vijana wale waliofukuzwa kwa kukosa shukrani walikuwa wamegusa kidonda kilekile.

Kosa lao, kwa maoni yangu, ni kwamba walichanganya wadai wawili. Walikuwa na ugomvi na mawaziri, wakaufanya sababu ya kutolipa deni la wakulima. Mzee mwenye mtumba wa pamba hakuwa amewaudhi.

Wengi wao waliruhusiwa kurudi masomoni baada ya mwaka hivi, na kijana wetu akiwamo. Msimu ule mmoja alilima kwelikweli. Shangazi alidai kuwa mistari yake ya pamba ilikuwa imenyooka kuliko ya baba yake, na kwamba alipoondoka mara ya pili hakuvaa viatu mpaka alipofika njia panda. Sijui alitaka kusema nini kwa hilo. Huenda viatu vilikuwa vimembana tu.

Miaka 12 baadaye jambo likageuka. Mwaka 1978 nilikuwa kidato cha tano. Wabunge na mawaziri walikuwa wameongezewa marupurupu, na tarehe 5 Machi mwaka ule wanafunzi wa Mlimani wakaandamana kupinga, wakitumia maneno yaleyale ya Azimio ambayo sisi tulikuwa tukikaririshwa darasani. Wakakumbana na polisi, na zaidi ya 300 wakafukuzwa chuo. Tulizungumza habari hizo bwenini kwa sauti ya chini, taa zikiwa zimezimwa. Mwaka 1966 vijana walifukuzwa kwa kuwasahau wakulima. Mwaka 1978 walifukuzwa kwa kuwakumbuka. Tangu usiku ule nimekuwa na mashaka kila ninapomsikia mkubwa akiwataka vijana wawe na shukrani. Huwa najiuliza kwanza kama anadai kwa niaba ya mwenye mali, au anajidaia mwenyewe.

Mimi nilikwenda JKT mwaka 1980, sikuandamana. Nililima mahindi, nikakimbia mchakamchaka alfajiri, nikajifunza kwamba mtoto wa daktari na mtoto wa mkulima wakishika jembe siku nzima malengelenge yao hayatofautiani. Kisha, kwa agizo la Azimio la Musoma la mwaka 1974, nilifanya kazi miaka miwili kabla ya kuingia Mlimani. Wakati wote huo sikulipa hata senti. Nilipokwenda sekondari nilipewa waranti ya treni, behewa la daraja la tatu. Nilipofika nikakuta godoro na blanketi. Nilipohitimu nikaajiriwa mjini, nikaoa mjini, nikajenga mjini.

Nimeeleza haya yote kwa sababu ya mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye alihitimu uhasibu mwaka 2019 na sasa anafanya kazi Mwanza. Yeye alisoma kwa mkopo. Utaratibu wa kuchangia gharama za elimu ya juu uliingia katika miaka ya 1990, na sheria ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo. Kila mwezi anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Tulikutana kijijini mwishoni mwa mwaka 2021, na mimi, kama wajomba wote, nikaanza kumpa mawaidha juu ya wajibu wa msomi kwa jamii. Nikamsimulia na ule mfano wa mtu aliyepewa chakula.

Akanisikiliza kwa heshima hadi mwisho. Kisha akasema, "Mjomba, samahani. Mimi deni langu lina namba. Naliona kwenye hati ya mshahara, na siku likiisha nitapewa barua. Nyinyi mlipewa bure. Ninyi ndio mlipaswa kurudi na chakula. Mlirudi lini?"

Mama yake akamkemea. Nikasema mwache. Nilitaka kumjibu kwamba nimesomesha watoto wa ndugu, yeye mwenyewe akiwa mmojawapo alipokuwa sekondari. Kwamba nilikatwa kodi miaka 35. Kwamba nilikwenda kambini bila kunung'unika. Yote hayo ni kweli. Lakini tulikuwa tumekaa chini ya mwembe ambao kutoka hapo unaiona shule ya msingi niliyosoma, na bati za darasa langu la tatu zilikuwa zimetoboka kiasi cha kuona mbingu. Nikamwuliza habari za mvua.

Alasiri ile kulikuwa na mkutano wa kijiji juu ya ujenzi wa zahanati. Kuta zilikuwa zimefika kwenye linta kwa nguvu za wananchi, na sasa ulitakiwa mchango wa kupaua. Mtendaji alisoma majina kutoka kwenye daftari, kwa sauti, kama ilivyo desturi, ili kila mtu asikie nani katoa nini. Wengi walikuwa wametoa shilingi 2,000, wengine kuku, mmoja gunia la mpunga. Alipofika kwenye ukoo wetu akasoma jina la mpwa wangu, shilingi 100,000, taslimu. Akashusha kidole mstari unaofuata, akasoma jina langu, shilingi 500,000, akanyanyua macho kunitafuta katika umati, halafu akamalizia kusoma kilichoandikwa pembeni: ahadi, tangu mwaka juzi.