Katoni Moja, Redio Zisizofanana

Lawama juu ya redio ndogo za masafa mafupi zinazoagizwa kutoka nje mara nyingi huelekezwa pasipostahili. Husemwa kwamba ni za China, au kwamba ni za bei ya chini, na mjadala huishia hapo. Lakini kasoro inayowasumbua wasikilizaji ina sura yake. Redio mbili za aina moja, zilizotoka katoni moja na kuuzwa bei moja, hazifanani: ya kwanza hunasa kituo cha mbali jioni nzima, ya pili hukoroma tu. Kama tatizo lingekuwa uduni wa vipuri peke yake, zote mbili zingekuwa mbovu kwa kiasi kilekile. Historia ya vyombo hivi inaonyesha kwamba kinachokosekana ni kazi ya mwisho kiwandani, yaani kuipima kila redio na kuirekebisha kabla haijafungwa.

Wapo watakaojibu kwa msemo wetu wa siku zote, rahisi ghali. Hao watazame Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Mwaka 1949 Harry Franklin, aliyeongoza idara ya habari huko, alifanikiwa kuishawishi kampuni ya Ever Ready ya Uingereza itengeneze redio ya betri ambayo Mwafrika wa kawaida angeimudu, ili asikilize matangazo ya masafa mafupi kutoka Lusaka. Boksi lake lilikuwa sufuria ya alumini iliyopakwa rangi ya buluu, na bei yake pauni 5, betri ikilipiwa kando. Hiyo nayo ilikuwa bidhaa ya nje, ya bei nafuu, isiyo na anasa yoyote. Ilisifika kwa sababu walioiagiza walijua inakwenda kutumika wapi na walidai iwe imara.

Japani ina ushahidi mzito zaidi. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, Regency TR-1 ya Marekani, ilitoka mwaka 1954 kwa dola 49.95. Miaka michache baadaye viwanda vya Japani vilikuwa vikipeleka redio ndogo kwa wingi katika masoko ya dunia, wakati ambapo bidhaa za nchi hiyo bado zilidharauliwa. Na udanganyifu ulikuwepo. Katika miaka ya 1960 wanunuzi waliaminishwa kwamba transista nyingi ndiyo redio bora, na baadhi ya watengenezaji wa Japani na Hong Kong wakapachika ndani transista mbovu zisizofanya kazi yoyote, ili tu kuongeza tarakimu iliyoandikwa usoni. Hata hivyo Japani haikubaki hapo. Mwaka 1950 mtakwimu wa Marekani W. Edwards Deming alikuwa amewafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda huko jinsi ya kupima tofauti kati ya bidhaa moja na nyingine na kuzitafutia chanzo. Mwaka uliofuata ikaanzishwa tuzo yenye jina lake. Mwaka 1957 ikapitishwa sheria ya kukagua bidhaa zinazouzwa nje. Heshima ya redio za Japani ilijengwa kwa ukaguzi wa namna hiyo, mwaka baada ya mwaka.

Ili kuelewa kwa nini ukaguzi una uzito huu, ni lazima kuifungua redio yenyewe. Redio ya kawaida ya mshale hubadilisha mawimbi yote inayoyapokea yawe ya kilohezi 455, kisha ndipo huyakuza. Ili hilo lifanyike sawasawa, mfanyakazi huzungusha viini vya koili na skrubu za kapasita ndogo, huku akitazama kipimo, halafu huviziba kwa nta visisogee. Kuipanga redio hivi ni kazi ya mkono, na inahitaji muda na jicho lililofundishwa. Akiharakishwa, mshale utaonyesha mahali pasipo kituo na redio itapoteza nguvu ya kunasa. Muundo huu una udhaifu mwingine: kituo kimoja hujitokeza mara mbili, mara ya pili kilohezi 910 chini ya mahali pake. Redio ya Zanzibar, iliyojulikana kwa kilohezi 11735, iliweza kusikika pia kwenye 10825. Katika redio iliyopangwa vibaya, kivuli hicho hushindana na kituo halisi. Saketi kuu inaweza kuwa nzuri kabisa. Chipu CXA1191 ya Sony na nakala zake za China zimetumika katika redio nyingi sana, nzuri na mbaya. Tofauti huletwa na mkono uliozipanga, na lehemu iliyoshika au isiyoshika.

Pingamizi moja nalikubali kwa sehemu. Tangu chipu za kidijitali za kampuni ya Silicon Labs zianze kutumiwa na viwanda kama Tecsun na Degen, sehemu kubwa ya upangaji wa mkono imeondoka, na redio za aina moja sasa zinakaribiana zaidi. Lakini chipu haikazi skrubu ya antena, haizuii kutu kwenye vishikio vya betri, wala haimkatazi mtengenezaji kubadilisha swichi kwa nyingine dhaifu huku jina la redio likibaki lilelile. Wanaosema redio hizi hazina maana tena kwa kuwa masafa mafupi yamekwisha wana sababu zao, kwani hata kituo cha Deutsche Welle cha Kigali kilifungwa mwaka 2015. Ila vita ilipozuka Sudan mwaka 2023, BBC ilianzisha matangazo ya dharura ya Kiarabu kwa masafa hayohayo.

Kenya ilianza mwaka 2005 kudai bidhaa zinazoagizwa kutoka nje zikaguliwe kabla ya kupakiwa, na Tanzania mwaka 2012. Cheti kinachotolewa kwa shehena nzima hakitoshi kwa chombo ambacho kila kimoja hupangwa peke yake. Mashirika ya viwango ya nchi hizo, KEBS na TBS, yachukue redio kadhaa kutoka katoni moja, yazipime uwezo wa kunasa, na yatangaze matokeo kwa jina la aina ya redio. Nawe mnunuzi, usilipie boksi lililofungwa. Omba redio tatu za aina ileile zitiwe betri, zitoe nje mbali na bati, tafuta kituo kimoja cha masafa mafupi kwa zote, kisha ondoka na iliyokisikia vizuri zaidi.