Pijo ya babu ni Mtaliano

Jamani wadau, leo notsi nimeweka pembeni. Baba mdogo kanipigia kutoka Biharamulo. Kapata mnunuzi wa chuma chakavu, na Pijo 404 ya babu, iliyokaa juu ya mawe nyuma ya gereji yake miaka yote hii, inakatwa Jumamosi. Nikamwambia, "Baba, subiri kwanza." Akacheka. "Haya msomi, niambie hilo bati lina nini."

Usiku mzima sijalala, naandaa jibu.

Kwetu Ngara kila mtu anajua Pijo ni Mfaransa. Sawa, ila sura yake ilichorwa Italia, mjini Torino, kwa Pininfarina. Mwaka 1957 hao hao Pininfarina walikuwa wameipa sura Lancia Flaminia, saluni ya wenye nazo. Mwaka 1961 wakaunda Flaminia nne ndefu za wazi kwa ajili ya Rais wa Italia, wakati wa ziara ya Malkia Elizabeth. Sasa angalia 404, iliyotoka 1960: ubavu ulionyooka, paa bapa, mapezi mawili nyuma kama ya samaki. Ukoo ule ule! Babu yangu, karani wa boma, alikuwa anaendesha binamu wa gari la Ikulu ya Roma na wala hakujua.

Lakini uzuri peke yake usingeifikisha Ngara. Injini ya cc 1618 imelazwa nyuzi 45, gia ipo kwenye usukani, na springi zake zinameza makorongo utadhani unapita kwenye godoro. Kwenye mashindano ya East African Safari, 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Ile miwili ya katikati dereva alikuwa Bert Shankland, mkazi wa hapa hapa Dar. Mwaka 1963 na 1968 magari yaliyomaliza yalikuwa 7 tu. Lancia yenyewe, pamoja na majivuno yote, ilisubiri mpaka 1988 kushinda Safari.

Babu aliinunua Mwanza, mtumba, akaivusha kwa kivuko cha Busisi. Bibi anasema siku ya kwanza alikataa kuipanda mpaka abadili kitenge.

Halafu ikaja Aprili 1994. Watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja hivi. Babu aling'oa kiti cha nyuma, akawa anabeba akina mama wenye vichanga kutoka mpakani mpaka Benaco. (Na hilo jina Benaco nalo limetokana na kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara. Waitaliano hawa!) Trip ngapi, hakuhesabu. Kile kiti hakikurudishwa tena, na hakuwahi kusema kwa nini. Tulipokuwa wadogo tulicheza humo, tukiona madoa kwenye bati la sakafu, tukidhani ni kutu.

Hayo yote nikamwandikia baba mdogo kwenye simu, meseji ndefu mpaka vidole vikauma. Kimya. Asubuhi hii, niko foleni ya chai, ikaingia:

"Mnunuzi nimemwambia aje baada ya likizo yako. Njoo na betri."

Bei ya betri mnaijua wenyewe, na bumu bado.