Ndege Zilipoondoka, Uwanja Ukabaki: Tempelhof, 2008–2014

Kiwanja cha ndege cha Tempelhof, jijini Berlin, kilifungwa mwaka 2008. Mwaka 2010 eneo lake, lenye zaidi ya hekta 300, lilifunguliwa kwa umma. Serikali ya jiji ilikusudia kujenga pembezoni mwake ofisi, maktaba na makazi yapatayo 4,700. Wapinzani hawakuziamini ahadi kwamba katikati pasingeguswa, wala kwamba kodi za nyumba zingekuwa nafuu. Katika kura ya maoni ya tarehe 25 Mei 2014, takriban asilimia 64 ya waliopiga kura waliunga mkono sheria ya kuzuia ujenzi uwanjani kote. Hivyo, ardhi ya umma inayopoteza kazi yake ya awali haiwi tupu. Wananchi huipa kazi nyingine. Mpango usioitambua kazi hiyo hupoteza imani yao, na pasipo imani hata makazi yanayohitajika hukataliwa.