Diski ya kipakatalishi: Namna ya kuchagua ya kuaminika mpakani

MWALIMU wa Port Victoria ambaye kipakatalishi chake kimekataa kuwaka mwishoni mwa muhula hana muda wa kungoja. Alama za wanafunzi zimo ndani. Ndivyo ilivyo kwa wakala wa forodha wa Malaba mwenye hati za mizigo, na kwa mfanyabiashara wa samaki mwenye hesabu za wadeni wake.

Fundi akishabaini kwamba diski imekufa, safari ni ya mjini Busia, ambako bidhaa za Kenya na Uganda hukutana. Hapo ndipo kazi ya kuchagua huanza.

Wengi huuliza kwanza kampuni iliyo bora. Swali hilo si baya, ila halifiki mbali. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, ambayo tangu 2013 huchapisha takwimu za diski zinazoharibika katika maghala yake ya data, iliripoti kiwango cha asilimia 1.4 kwa mwaka wa 2023. Tofauti zilionekana hata baina ya modeli za kampuni moja. Kinachomponza mnunuzi wa mpakani, aghalabu, ni diski isiyolingana na maandishi ya kibandiko chake.

Kuhusu aina, shauri ni jepesi. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa mwanya mwembamba kuliko unywele. Kipakatalishi kikianguka kikiwa kazini, kichwa hicho huweza kuikwaruza sahani. Diski ya SSD haina kinachozunguka, hivyo humfaa zaidi anayesafiri kwa bodaboda. Hata hivyo, diski ya sahani mara nyingi hulalama kwa mlio kabla ya kufa, ilhali SSD huweza kuzimika ghafla bila buriani.

Umbo nalo lahitaji kuchunguzwa kabla ya kutoka nyumbani. Vipakatalishi vingi vya kale, kama vile ThinkPad T450 ya 2015, hupokea diski ya inchi 2.5 ya mfumo wa SATA. Vipya zaidi hutumia kijibamba cha M.2, ambacho kwa kawaida kina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. M.2 yenyewe ina mifumo miwili, SATA na NVMe, na tundu la mmoja huenda lisiutambue mwingine. Katika baadhi ya mashine diski imechomelewa kwenye bodi, na hapo hapana cha kubadilisha. Njia salama ni kubeba diski ile mbovu hadi dukani.

Uimara wa SSD hupimwa pia kwa kiasi cha data inayoweza kuandikwa juu yake. Kingston A400 ya gigabaiti 240 imekadiriwa terabaiti 80, pamoja na dhamana ya miaka mitatu. Samsung 870 EVO ya gigabaiti 250 ina terabaiti 150 na miaka mitano. Kwa mtu wa barua na hesabu, hata ile ya kwanza yatosha.

Balaa kubwa ni diski bandia. Hutangaza terabaiti mbili kwa bei ya kutupa, kumbe ndani mna gigabaiti chache tu. Ikijaa, huandika data mpya juu ya ya zamani bila kutoa onyo. Programu za bure za H2testw na F3 hufichua hila hiyo kwa kuijaza diski yote kisha kuisoma. Kwa gigabaiti 500 zoezi huweza kuchukua saa moja au zaidi, na muuzaji anayekataa lifanyike mbele yake amekwisha kujibu swali. Ikumbukwe kwamba diski halali ya gigabaiti 500 huonekana kama 465 katika Windows. Huo si wizi, ni tofauti ya namna ya kuhesabu.

Diski iliyotumika hutambuliwa kwa CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha saa ilizofanya kazi. Lakini kumbukumbu hiyo nayo hughushiwa: mapema 2025 ilibainika kwamba wauzaji barani Ulaya waliuza diski za Seagate zilizotumika kama mpya, saa zake zikiwa zimerudishwa sifuri. Aidha, watafiti wa Google waliochunguza zaidi ya diski 100,000 waliripoti mwaka 2007 kwamba zaidi ya theluthi moja ya zilizokufa hazikuwa zimetoa ishara yoyote ya hitilafu.

Kwa hiyo risiti yenye nambari ya diski ni ya lazima, na nambari hiyo ihakikishwe katika tovuti ya mtengenezaji. Anayenunua upande wa Uganda afahamu kuwa kurejesha bidhaa kutamlazimu kuvuka tena.

Nakala ya pili ya kazi ihifadhiwe nje ya nyumba, hasa kwa wakazi wa Budalang'i wanaoyajua mafuriko ya Mto Nzoia.

Diski mbovu nayo isiachwe kwa fundi. Mara nyingi data yaweza kusomwa, na habari za wanafunzi zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Ile ya sahani itobolewe. Ya SSD, chipu zake zivunjwe moja moja.