Mkaguzi wa visumbufu shambani

Mkaguzi wa visumbufu ni mtumishi wa shamba la mboga ambaye kazi yake ni kutafuta wadudu na magonjwa kabla hasara haijawa kubwa. Hupita shambani walau mara moja kwa wiki akiwa na lenzi ya mkono na daftari, kwa njia ya kupindapinda ili asiishie kukagua kingo tu. Kila anaposimama hugeuza majani, kwani inzi weupe, vidukari na utitiri hujificha upande wa chini.

Umuhimu wake umedhihirika zaidi katika nyanya. Kantangaze, nondo mdogo mwenye asili ya Amerika Kusini, aliingia Hispania mwaka 2006 na kuripotiwa Tanzania mwaka 2014. Jike mmoja huweza kutaga mayai yapatayo 260, na kiwavi hula ndani kwa ndani ya jani, ambako dawa haimfikii kwa urahisi. Mkulima anayesubiri kuona matundu kwenye tunda huwa amekwisha kuchelewa. Kwa hiyo mkaguzi hutundika mtego wenye harufu ya jike, huhesabu madume walionaswa, kisha hulinganisha na hesabu ya wiki iliyotangulia.

Hesabu ikiwa ndogo, hushauri bomba libaki stoo, ushauri mchungu kwa aliyekwisha kununua dawa. Hata hivyo, viuatilifu vinavyopulizwa kwa kufuata kalenda huua wadudu rafiki na kumfanya kantangaze awe sugu. Hesabu ikipanda, hutaja dawa inayofaa, na huandika daftarini siku za kungoja kabla ya kuchuma.