Ushirikiano wa SADC Dhidi ya Ugaidi

Ushirikiano huu wa nchi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) una mzizi Morogoro, Tanzania. Chini ya milima ya Uluguru, ANC ya Afrika Kusini ilifanya mkutano wake wa mashauriano mwaka 1969, na mwaka 1978 ikafungua Mazimbu shule ya Solomon Mahlangu kwa vijana wake waliokuwa uhamishoni. Mshikamano wa Nchi za Mstari wa Mbele, zilizounga mkono vyama vya ukombozi kama ANC, ulizaa SADCC mwaka 1980, iliyogeuka SADC mwaka 1992.

Mkataba wa nchi za SADC wa kulindana ulitiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003.

Mtihani mzito wa ushirikiano huo ukaja Msumbiji. Oktoba 2017 wapiganaji wa itikadi kali walishambulia Mocímboa da Praia, mkoani Cabo Delgado. Oktoba 2020 wakavuka mto Ruvuma na kuua wanakijiji wa Kitaya, Mtwara. Julai 2021 SADC ikapeleka kikosi cha SAMIM, kikiwa na askari wa Tanzania, huku Rwanda ikituma majeshi yake kwa makubaliano na Msumbiji. Kikosi hicho cha SADC kiliondoka 2024, mapema mno kwa familia zilizokuwa bado zinakimbia makwao. Kituo cha SADC cha kupambana na ugaidi, kilichozinduliwa Dar es Salaam Februari 2022, kinaendelea kuunganisha taarifa za nchi wanachama.