Nani Aonekane, Nani Aangalie: Vita vya Taa ya Nyuma ya Baiskeli

Mwaka 1888 Bunge la Uingereza liliitangaza baiskeli kuwa chombo halali cha barabarani, sawa na gari la farasi. Kabla ya hapo kila mji ulijitungia amri zake. Mahakama nayo ilikwishaamua, katika kesi ya 1879, kwamba mwendesha baiskeli aliyekwenda kasi kupita kiasi ataadhibiwa kama mwenye gari. Adhabu aliipata mapema, haki ilichelewa. Sheria mpya ilimpa haki hiyo kwa masharti mawili: apige kengele anapotaka kumpita mtu au gari, na usiku, kuanzia saa nzima baada ya jua kuzama, awe na taa inayomulika kule anakokwenda.

Kule anakokwenda. Kuhusu mgongo wake sheria haikusema neno, na pengo hilo likazaa ugomvi uliochukua zaidi ya nusu karne.

Taa zenyewe zilikuwa mtihani. Joseph Lucas wa Birmingham, aliyekuwa akichuuza mafuta ya taa mitaani kwa mkokoteni, ndiye aliyepata jina kwa taa aliyoiita King of the Road, mwishoni mwa miaka ya 1870. Baiskeli za wakati ule zilikuwa na gurudumu la mbele refu kufikia kifuani mwa mtu mzima, kwa hiyo taa iliyofungwa kwenye usukani ingekuwa mbali mno na ardhi. Lucas akaitundika ndani ya gurudumu, kwenye ekseli, katikati ya spoki: gurudumu linazunguka, taa inaning'inia wima kwa uzito wake. Jiwe moja tu barabarani lilitosha kuizima. Mafundi wetu wa zamani waliokuwa wakifungua Land Rover wanalijua jina la Lucas vizuri, kwani kampuni hiyo baadaye iligeukia umeme wa magari.

Mwishoni mwa miaka ya 1890 ikaja taa ya kabaidi, kabaidi ile ile ambayo wafanyabiashara wa matunda huivishia ndizi. Chini palikuwa na chumba cha kabaidi, juu maji, na kati yao skrubu ya kupunguza au kuongeza matone. Maji yakidondoka, gesi inapanda, mwali mweupe unawaka kuliko taa yoyote ya mafuta. Harufu yake ilikuwa kama ya kitunguu saumu kilichooza, na asubuhi ilibidi uchokoe majivu yaliyoganda kama chokaa. Usiku wa baridi kali maji yaliganda na mwenye taa akabaki gizani na kabaidi yake.

Betri hazikuwa afadhali. Huko Japani, Konosuke Matsushita alibuni mwaka 1923 taa ya baiskeli yenye umbo la risasi iliyowaka saa 30 hadi 40, wakati taa nyingine za betri zilizimika baada ya saa tatu hivi. Wauzaji hawakumwamini. Akawaachia madukani taa zikiwa zinawaka, wazitazame wenyewe mpaka zizime. Kampuni iliyokua kutokana na biashara hiyo ndiyo Panasonic ya leo.

Turudi kwenye mgongo wa mwendesha baiskeli. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Uingereza ililazimisha taa ya nyuma kwa amri za dharura, kisha amani ilipokuja sharti likaondolewa. Lakini magari yalikuwa yameongezeka, na wenye magari wakaanza kulalamika kwamba usiku hawawaoni watu wa baiskeli. Aliyewajibu kwa ukali kuliko wote alikuwa G. H. Stancer, katibu wa chama cha waendesha baiskeli, Cyclists' Touring Club, tangu 1920.

Msimamo wa chama chake ulikuwa huu. Anayetoka nyuma ndiye mwenye wajibu wa kuangalia, na dereva aende kwa mwendo utakaomwezesha kusimama ndani ya umbali anaouona. Mtembea kwa miguu hana taa mgongoni. Ng'ombe hana. Mti ulioanguka hauna. Ukimbebesha mwendesha baiskeli taa ya nyuma, dereva atazoea kutafuta taa badala ya kutazama barabara, na siku taa hiyo ikizimika, mwenyewe hatajua, kwa kuwa iko nyuma yake. Atagongwa, kisha ataambiwa kosa ni lake.

Kwa upande wa haki sioni pa kuipinga hoja hiyo. Aliyeleta hatari barabarani ni mwenye tani moja ya chuma, si mwenye kengele. Ila hoja ilikuwa inamzungumzia dereva anavyopaswa kuwa, na waliokuwa barabarani ni madereva walivyo. Katikati ya miaka ya 1930 waendesha baiskeli zaidi ya 1,300 waliuawa kila mwaka nchini Uingereza.

Bunge lilisogea hatua kwa hatua. Sheria ya 1927 ilimwachia mwendesha baiskeli achague nyuma taa nyekundu au reflekta. Ile ya 1934 ikaongeza sehemu nyeupe iliyopakwa rangi nyuma ya baiskeli, na kwa kawaida ilipakwa kwenye madigadi. Kisha vikaja Vita vya Pili na giza la kujikinga na ndege za adui. Taa za mitaani zilizimwa, za magari zikafunikwa zikabaki na mwanga wa mwanya tu, na taa ya nyuma ikawa lazima tena huku betri zikiwa adimu madukani. Mwaka 1941 watu zaidi ya 9,000 walikufa katika barabara za Uingereza, idadi ambayo nchi hiyo haijaifikia tena. Vita vilipokwisha, safari hii sharti halikuondolewa. Sheria ya 1945 ililifanya la kudumu, na chama kikawa kimeshindwa.

Alama ya ugomvi huo bado tunayo huku kwetu. Itazame Raleigh ya zamani, au Phoenix ya Kichina iliyoigwa kwa mtindo ule ule, iliyoegeshwa nje ya mashine ya kusaga. Madigadi ya nyuma ni nyeusi mpaka karibu na ncha, halafu inakuja sehemu nyeupe, na juu yake reflekta nyekundu. Hiyo ni suluhu ya Bunge la London ya miaka ya 1930, iliyovuka bahari pamoja na karia na kengele.

Dainamo nayo ilikuja. Kampuni ya Bosch ilianza kuuza taa zake za baiskeli mwaka 1923, na dainamo ya kawaida ilitoa volti 6 na wati 3 kwa kusuguana na tairi. Kila aliyeitumia anazijua tabia zake: pedeli zinakuwa nzito, mlimani mwanga unafifia, mteremkoni balbu inaungua. Ukisimama katikati ya barabara ukisubiri kukata kulia, taa zote mbili zinazimika, ya mbele na ya nyuma, na lori linakuja. Wengi waliing'oa, wakafunga tochi kwenye usukani kwa mpira wa tyubu. Mbele panamulika, nyuma panabaki na ile reflekta, kama haijavunjika.

Jaribio la taa za baiskeli lililonivutia zaidi lilifanyika Odense, Denmark, kati ya 2004 na 2005. Watu karibu 4,000 walishiriki, na karibu nusu yao walifungiwa taa za sumaku: sumaku inakaa kwenye spoki, inapita karibu na koili, taa inamweka mchana na usiku, bila betri wala swichi. Mwisho wa mwaka waliokuwa na taa hizo walipata ajali za kuumia pungufu kwa asilimia 19 kuliko wenzao. Kilichopimwa ni ajali za waendesha baiskeli. Mwendo wa madereva haukupimwa.